Meni Swichi ya Baba Mkwe

Asubuhi za Uyole mwezi wa sita hujitokeza polepole. Unafungua mlango unakuta dunia imeondolewa, umebaki wewe, kizingiti na ukungu. Malori ya kwenda Tunduma unayasikia yakikoroma barabarani lakini huyaoni. Taa za nje za majirani zinaning'inia hewani bila ukuta wala nguzo, zimejifunika weupe, na kila moja inaonekana iko mbali kuliko ilivyo. Mimi ni fundi umeme. Nyingi katika taa zile nimezifunga kwa mikono yangu, najua ipi ina waya mbovu na ipi mwenyewe aling'ang'ania holda ya ovyo nikamwambia shauri yako. Lakini nikizikuta zimeelea hivyo nasimama nazitazama mpaka chai inapoa. Mume wangu husema nimeolewa na ukungu, yeye ni mpangaji tu. Sikatai.

Nilizaliwa Ilula, huko Iringa, kando ya barabara kuu, mahali ambapo abiria wa mabasi wananunua nyanya kupitia dirishani. Umeme ulipofika nyumbani kwetu nilikuwa darasa la nne, na jioni ile naikumbuka kama kitu nilichokiota. Sebule yetu, ambayo siku zote ilikuwa ya rangi moja, rangi ya kibatari, ghafla ikawa na pembe nne. Darini kukaonekana utando wa buibui ambao mama hakujua kama upo. Aliona aibu, akachukua ufagio palepale mbele ya wageni.

Baba yangu alikuwa mtu asiyeogopa nyoka wala mchawi, ila aliogopa globu. Ikiungua moja, ilikuwa shughuli ya ukoo mzima. Alivaa mabuti ya mvua, akavaa soksi za sufu mikononi, akapanda juu ya tenga la nyanya lililogeuzwa. Mama alisimamishwa kwenye swichi. Sisi watoto tuliamriwa kuvaa viatu, hata aliyekuwa amelala aliamshwa avae viatu kisha aendelee kulala. Na baba alikuwa na sheria moja iliyozidi zote: aliye juu lazima awe anaongea. Aongee chochote. Basi alisimama pale juu akisimulia habari za mvua, za mbuzi wa jirani, za shemeji yake aliyeazima jembe akalisahau kwake, huku akizungusha globu kwa soksi. "Nikinyamaza," alikuwa akituambia, "msiguse kitu. Mjue kuna jambo."

Nilipokwenda kusomea umeme Iringa mjini, mwalimu alitufundisha kwamba mabuti na soksi ni nusu ya akili, akili yenyewe ni kuzima meni swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, na kupima waya kwa testa kabla ya kuugusa. Nikajifunza. Ile tabia ya kuongea, hata hivyo, sikuiacha. Mpaka leo nikiwa juu ya ngazi nyumbani kwa mtu naongea peke yangu, na wateja wapya hutazamana. Wanafikiri sina akili timamu. Waliozoea wananijibu tu.

Sasa sikilizeni nilikoolewa. Mume wangu ni Mnyakyusa, dereva wa lori. Baba yake alihama Rungwe akiwa kijana akaja kulima hapa Uyole, na katika kuhama kwake hakudondosha hata mila moja njiani. Kwa wazee wa ukoo wao, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Akitokea huku, mimi napita kule. Sikushangaa sana, maana hata kwetu Wahehe kuna wakwe wa kiume wanaoruka uzio wakisikia mama mkwe anakohoa. Nilijiambia nitazoea, na nilizoea kweli.

Miaka kumi na moja tuliishi uwanja mmoja, nyumba yao na yetu zikitazamana, na mzee yule nilimjua kwa mgongo. Nilimjua kwa kikohozi, kwa kofia ikipita juu ya ua la migomba, kwa viatu vyake mlangoni, kisigino cha kushoto kimeliwa. Yeye nadhani alinijua kwa hatua na kwa mkono wa chumvi. Nikipika kande zikawa nzuri, mama mkwe alikuja na ujumbe: "Mzee anasema leo umemfurahisha." Kulikuwa na utamu fulani katika kuishi hivyo. Unamtunza mtu kama unavyotunza moto ulio nyuma ya jiwe, huuoni ila unajua upo. Na yeye, nasikia, alijisifu kwa ajili yangu Uyole nzima. Kwenye kilabu cha kahawa alisema hakuna mwanamume mwenye mkwe kama wake, mkwe anayepanda nguzo. Sijawahi kupanda nguzo. Lakini ningemkosoa vipi?

Shida ilianza na taa ya chumbani kwake.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alisimama mbele na kusoma somo, na alikuwa akisoma hivyo tangu mume wangu hajazaliwa. Jumamosi alijifungia chumbani kwake, akaketi kitandani, akalisoma somo mara saba ili kesho yake lisimtoroke. Ile zamu ilikuwa ndiyo heshima yake yote. Shamba alishagawa, ng'ombe alishagawa, alikuwa amebaki na zamu ile. Halafu mwaka ule akaanza kulalamika kwamba taa imechoka.

Mume wangu akamletea globu ya wati sitini badala ya ile ya arobaini. Ikafaa kwa mwezi mmoja. Mzee akasema nayo imechoka. Ikaja ya mia. Baadaye, kutoka huko safarini, mume wangu akaja na ya mia mbili, dude kubwa kama kibuyu cha mtindi, ambalo hata dukani hulipati bila kuulizia. Aliifunga mwenyewe, macho ameyafumba. Anashusha lori la tairi ishirini na mbili kwenye milima yenye utelezi huku anakula karanga, lakini globu inamtoa jasho. Na mzee, baada ya wiki chache, akatuma neno: dhaifu.

Jumapili moja ya zamu yake aliruka mstari mzima kanisani, vijana wa kwaya wakaguna. Wazee wenzake walimwambia kwa adabu, baada ya ibada, kwamba labda sasa apumzike. Mama mkwe alinisimulia akiwa anamenya viazi, na alivimenya mpaka vikabaki vidogo.

Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine. Nikipita uani nilisikia harufu. Wengine wanaijua harufu ya mtoto wao, mimi naijua harufu ya holda inayoungua. Holda ile ilitengenezwa kubeba taa ndogo, na sisi tulikuwa tumeitundikia jua. Tena fundi wa zamani aliyefunga nyumba ile alifanya kosa ambalo nililikuta katika vyumba vingine: aliweka swichi kwenye waya usio wake. Ukizima, taa inazimika, lakini moto wa umeme unabaki palepale kwenye holda ukikusubiri. Nikatuma neno kwa mama mkwe: holda inaungua, chumba kitashika moto. Neno likarudi: mwambie tatizo ni taa, siyo holda. Nikasema basi aitwe fundi mwingine. Likarudi lingine: nina fundi nyumbani kwangu, niite mtu wa nje, watu watasemaje? Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi nilikuwa tayari kunyoa, kichwa ndicho kilichokuwa nyuma ya ukuta.

Hatimaye, Jumamosi moja ya ukungu, kesho yake ikiwa zamu ya mzee na somo likiwa la sikukuu ya mavuno, tukafikia mapatano. Mkutano ulifanyika kupitia ukuta. Mimi niliketi jikoni, yeye barazani, mama mkwe akienda na kurudi na maneno. Ikaamuliwa hivi: mkwe ataingia chumbani wakati mzee yuko nje. Mzee atasimama barazani kwenye meni swichi, uso ameuelekeza ukutani. Meni swichi ile hakuna aliyeigusa zaidi yake. Aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama wengine wanavyofunika redio, na kabla ya kuizima alikikunja kitambaa mara nne akakitia mfukoni. Mama mkwe ataketi kwenye kigoda katikati ya korido, achambue maharage yake, na awe mdomo wetu sote. Watoto, ambao siku nyingine ndio wangebeba maneno, walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mume wangu alikuwa Tunduma, ashukuriwe Mungu.

Nikaingia. Miaka kumi na moja, na ndiyo mara ya kwanza naona chumba kile. Kilikuwa kidogo na baridi, dirisha moja limejaa ukungu, kitanda kimetandikwa vizuri kama cha mwanajeshi, na juu ya mto kitabu chake kimefunguliwa ukurasa wa kesho. Nilijisikia mwizi.

"Mwambie baba azime," nikasema.

"Anasema uzime," akasema mama mkwe.

Meni swichi ikalia ko. Nikapanda ngazi, nikapima kwa testa, kimya, hakuna moto. Nikaitoa ile globu kubwa. Holda chini yake ilikuwa imekuwa nyeusi, inakatika vidoleni kama mkate ulioungua. Nikaifungua, nikaanza kukwangua ncha za waya zipate kung'aa.

Na sikuongea. Hilo ndilo kosa, na ni langu. Katika nyumba za watu wote naongea nikiwa juu, lakini mle ndani, baba mkwe akiwa hatua kumi kutoka nilipo, ulimi ulijikunja wenyewe. Mkwe hapazi sauti mzee akisikia. Nilisikia tu maharage ya mama mkwe yakidondoka kwenye bakuli, moja moja, na ukungu ukipita dirishani, na nikazama katika kazi kwa raha ya ajabu, nikasahau hata niko wapi.

Kisha maharage yakaacha kudondoka. Baadaye nilijua kwamba chungu cha jikoni kilianza kuungua na mama mkwe alikimbia kukiepua. Barazani mzee alisimama na ukuta wake. Alisikiliza. Hakusikia ngazi, hakusikia bisibisi, hakusikia mtu. Kuniuliza hakuweza, kuja kuchungulia hakuweza. Kwake yeye ukimya wa mkwe ulikuwa na maana moja tu tangu azaliwe, kwamba mambo ni shwari. Akasubiri kwa heshima, akaona nimemaliza, akawasha.

Ninachokumbuka ni kwamba mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Mtu huyo aliutikisa mpaka begani, akanisukuma, nikaona dari ikipanda juu taratibu, bila haraka. Kisha nikatua chali, sehemu laini, yenye harufu ya sabuni ya magadi na kahawa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimelala kwenye kitanda cha baba mkwe wangu.

Nilipiga yowe. Nakiri kwamba sikupiga kwa sababu ya shoti. Nilipiga kwa sababu ya kitanda.

Meni swichi ikalia ko nyingine, na viatu vile ninavyovijua vikaja koridoni kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia. Mzee akaingia. Akasimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha mbele, anapapasa hewa.

"Uko hai?" akauliza.

Hilo lilikuwa neno la kwanza kuniambia tangu niolewe. Nilitamani nisimjibu, kwa adabu. Lakini mikono yake bado ilikuwa inanitafuta hewani.

"Niko hai, baba."

Akaketi chini, sakafuni, pwaa, kama mtoto. "Mliniacha na ukimya," akasema. "Nikajua umemaliza. Nimekaribia kumuua mtoto wa watu, na mahari yake nilikwenda kuipeleka mwenyewe."

Hapo hasira ikanipanda, na hasira yangu haina mkwe. Nikainuka pale kitandani, nywele zimesimama, nikamwambia mzee wa watu kwamba nyumba inaweza kuwa na mila zake, lakini waya hauna mila. Umeme haujui ukwe. Haumwamkii mtu wala haumpishi mtu njiani. Nikamwambia aliye kwenye swichi hawashi mpaka asikie kwa masikio yake sauti ya aliye juu ikisema nimeshuka, na kama hasikii hawashi, hata kama itakuwa mpaka kesho. Nilisema na mengine. Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na mwiko mkononi, mdomo wazi, na nilipomwona nikakumbuka ni nani ninayemgombeza.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Panda umalize. Nitakuuliza mwenyewe."

Akarudi barazani. Nikafunga holda mpya, nikazungusha globu mpya niliyoinunua asubuhi, nyembamba, nyeupe, isiyokula umeme mwingi wala kuchoma kitu. Safari hii niliongea. Nilimsimulia Ilula, nyanya, baba na soksi zake mikononi, na kutoka barazani nilisikia mzee akicheka kwa pua. Nikashuka.

"Umeshuka?" akaita.

"Nimeshuka, baba."

"Miguu yote miwili?"

"Yote miwili."

"Na ngazi umeiachia?"

Aliniuliza mara sita. Nilimjibu mara sita, na sijui kama nimewahi kujibu kitu kwa furaha namna ile. Ndipo swichi ikalia, na chumba kikajaa mwanga mkali, mweupe, mpaka mama mkwe akajikinga macho kwa upindo wa khanga. Ukungu wa dirishani ukawa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mzee akaja mlangoni, akasita, akaingia. Akakifuata kitabu chake juu ya mto wa kitanda, akakichukua, akakiweka kifuani bila kukitazama.

"Hebu sogea kwenye taa," akasema. "Tumeshavunja, tuvunje kabisa. Nimwone mkwe wangu."

Nikasogea. Nikasimama chini ya globu, mikono nyuma kama mwanafunzi, naona haya. Mzee akanyoosha shingo. Alitazama kwa muda mrefu, kwa upole ambao sikuutegemea, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni mrefu namna hii," akasema. "Na hakuna aliyeniambia."

Mimi ni mfupi. Alikuwa anatazama koti lake la mvua, lililotundikwa nyuma ya mlango.

Mama mkwe aliteremsha khanga taratibu. Nikaelewa saa ileile: arobaini, sitini, mia, mia mbili. Mwaka mzima tulikuwa tunaitibu taa, na taa haikuwa mgonjwa. Mimi fundi ningeligundua siku moja tu ya kumtazama machoni, na nilikuwa nje nikiuheshimu ukuta. Niliumia sana.

"Niko huku, baba," nikasema.

Akageuka kuifuata sauti. Uso ulikawia kujifunga, kisha ukajifunga. Akakipapasa kitabu kifuani kwa kidole gumba.

"Nilidhani ni taa," akasema.

"Hata sisi, baba. Jumatatu tutakwenda kwa daktari wa macho. Siku hizi wanatibu."

"Jumatatu inakuja baada ya Jumapili."

Akasimama kidogo, akahesabu kitu kichwani mwake, kisha akanipa kitabu, au akakipeleka karibu na nilipokuwa, nami nikakidaka. "Kaa," akasema, akionyesha kitanda. "Kichwa changu bado kinashika. Nisomee mstari mmoja mmoja, niuweke ndani."

Nikakaa. Mama mkwe akavuta kigoda chake akaketi mlangoni. Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, ile ya miaka kumi na moja, na mzee akainamisha sikio.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Umeninyamazia vya kutosha."